Naomba ushauri: maji machafu yanarudi kwenye bakuli la choo cha boti

Wakuu, choo ni cha pampu ya mkono. Kinasukuma vizuri, lakini baada ya nusu saa bakuli lina maji ya kahawia, kina kama sentimita 3. Koki ya kuingizia maji ya bahari imefungwa, kwa hiyo yanarudi kutoka mpira wa kutolea taka.

Valvu ya kutolea, ile ya mpira yenye mdomo kama wa bata, ni mpya. Ya zamani ilishika ukoko mweupe mdomoni, ikawa haifumbi. Ukoko huo ni mkojo ukikutana na maji ya bahari, na ndani ya mpira umejaa vilevile: tundu la milimita 38 limebaki kama 25. Siki lita 1, usiku kucha, imeupunguza kidogo tu. Klorini sitaki kabisa, tena ikikutana na asidi inatoa gesi ya sumu.

Mpira unapanda mita 1.2 kabla ya kushukia tangi. Je, maji yaliyobaki kwenye mpando ndiyo yanailemea valvu? Nipige pampu zaidi baada ya kila haja, au nibadilishe mpira wote?