Pensheni ya ualimu na mafao ya Marekani: kipi kitangulie kabla ya kurudi Mtwara

Dada Mwalimu, shikamoo, na ndugu wengine wa Kusini, salaam.

Unauliza kama uanze kupokea mafao ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani ukitimiza miaka 62, mara tu utakapoacha kufundisha Texas, ili urudi Mikindani ukiwa na mafao hayo pamoja na pensheni ya walimu. Ushauri wangu ni kwamba uchukue pensheni kwanza, uishi kwayo, na mafao uyaache yakue.

Pensheni yako hupimwa kwa miaka ya utumishi na wastani wa mshahara; ukishatimiza masharti ya pensheni kamili na kuacha kazi, kuchelewa kuidai hakukuongezei kitu. Mafao ni tofauti. Aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye huyapata kamili akiwa na miaka 67. Akianza na 62 hupewa asilimia 70 ya kiwango hicho, na punguzo hilo halirudishwi, ilhali akisubiri hadi 70 hupewa asilimia 124. Tena mafao hupandishwa kufuata mfumuko wa bei, jambo ambalo pensheni ya walimu wa Texas haiahidi kila mwaka.

Makato ya zamani yasikutishe. Sheria iliyosainiwa tarehe 5 Januari 2025 ilifuta kanuni iliyopunguza mafao ya mtu mwenye pensheni ya kazi isiyochangia mfuko wa Hifadhi ya Jamii, hata pensheni ya Tanzania, pamoja na ile iliyokata mafao ya mwenzi au mjane kwa theluthi mbili ya pensheni yake. Mabadiliko yanahesabiwa tangu Januari 2024. Nawasihi wajane walioambiwa zamani kwamba hawatapata kitu, na kwa hiyo hawakuomba, wapeleke maombi sasa, maana fedha hizo hazitolewi bila kuombwa.

Miaka uliyofundisha Masasi haihesabiki huko, kwa kuwa Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kuunganisha michango. Zile alama 40 za michango unazohitaji ili ustahili mafao, ambazo ni sawa na miaka kumi hivi ya kazi, zitatokana na miaka uliyotunza wazee Marekani kabla ya kuwa mwalimu huko Texas, ikiwa ualimu wako haukuchangia mfuko huo. Hakikisha zimetimia kabla hujakata tiketi.

Kuhusu shule ya awali unayotaka kuifungua, ujue kwamba anayepokea mafao kabla ya miaka 67 na kufanya kazi nje ya Marekani isiyokatwa kodi ya Hifadhi ya Jamii ya huko, hata iwe yake mwenyewe, zaidi ya saa 45 kwa mwezi, huzuiliwa mafao ya mwezi huo. Hapa ndipo naona haraka ya miaka 62 haina maana kabisa kwako.

Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, huanza miaka 65, lakini kwa kawaida hailipii matibabu ya nje, hivyo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo utailipa kwa fedha zako au bima ya hapa. Hata hivyo, ukiacha kujiunga na sehemu ya kulipia madaktari kisha ukarudi Marekani, ada yake huongezwa asilimia 10 kwa kila mwaka mzima uliochelewa.

Kama shemeji ndiye aliyechangia zaidi, yeye hasa ndiye asubiri, kwa sababu kiwango chake ndicho utakachobaki nacho akitangulia mbele ya haki. Nawe, kabla hujatia sahihi fomu ya pensheni, kaa naye mwamue kama utapunguziwa kidogo kila mwezi ili naye aendelee kulipwa ukitangulia wewe, kwa maana uamuzi huo ni mgumu sana kuubadili baadaye.