Duka la vifaa vya ujenzi Busia: safu ya VAT naijaza nini?

MamaMisumari
Habari zenu jamani. Nina duka la saruji, misumari na rangi hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Mauzo ya mwaka ni kama shilingi milioni 60. Daftari langu lilikuwa na safu mbili tu, pesa iliyoingia na iliyotoka. Kijana mmoja aliyesomea uhasibu akanipangia upya: mauzo, manunuzi, wadaiwa, wadai, matumizi ya mwenye duka, VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Kisha akapata kazi Kampala, akaniachia daftari na maswali. Fundi akichukua mifuko 20 ya saruji kwa deni, naandika leo au siku atakayolipa? Na safu ya VAT nayo naijaza nini?

KaraniMstaafu
Mama, andika leo. Mali imetoka, basi ni mauzo: tuseme 700,000 kwenye mauzo, 700,000 kwa jina la fundi chini ya wadaiwa. Akilipa, pesa taslimu inapanda na deni lake linafutika. Usiiandike tena kwenye mauzo! Wengi huiandika mara mbili, mwisho wa mwaka duka linaonekana kubwa kuliko lilivyo, na kodi inafuata hesabu hiyo. Wadai ni kinyume chake: wale wanaokudai wewe, kama muuza jumla aliyekupa mabati kwa mkopo. Ada ya watoto ukiitoa kwenye droo ya duka, iandike matumizi ya mwenye duka, si gharama za biashara.

KijanaWaMpakani
VAT rahisi, dada. Ongeza asilimia 18 kwenye kila bei, halafu kula kwa raha.

LejaNyekundu
Huo ushauri utampeleka pabaya. Asiyesajiliwa VAT haruhusiwi kuitoza. Usajili ni lazima mauzo yakizidi milioni 150 kwa mwaka, na mama yuko mbali na hapo. Kwa hiyo safu hiyo iache tupu. Ile VAT unayolipa kwa muuza jumla hurudishiwi, ihesabu ndani ya bei ya kununulia. Mfuko ukikugharimu 33,000 pamoja na kodi, gharama yako ni 33,000, basi.

Kodi inayokuhusu ni ile ya biashara ndogo, inayokatwa kwenye mauzo bila kuangalia faida. Kwa viwango vya 2020, mwenye mauzo kati ya milioni 50 na 80 asiyeweka kumbukumbu hulipa 400,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 180,000 na asilimia 0.6 ya kinachozidi milioni 50. Kwa milioni 60 zako ni 240,000. Daftari la huyo kijana limeshakulipa 160,000.

MamaMisumari
Asanteni sana! Ila kuna mkandarasi anataka risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato, la sivyo atanunua kwingine.

LejaNyekundu
Anaitaka ili adai kurudishiwa VAT anayolipa. Unaweza kuomba usajili wa hiari URA (Mamlaka ya Mapato ya Uganda), lakini pima kwanza, maana utalazimika kutoa risiti za EFRIS na kupeleka ritani (taarifa ya kodi) kila mwezi, kabla au ifikapo tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Hapo safu ya VAT inagawanyika. Ukiuza kwa 1,180,000, ndani yake 180,000 ni kodi ya mauzo. Kama ulinunua kwa 944,000, ndani yake 144,000 ni kodi ya manunuzi. Unapeleka tofauti, 36,000. Pesa hiyo si mauzo yako wala si faida, itenge mapema.

KaraniMstaafu
Na mafundi wa kijijini wasiodai VAT wataona bei yako imepanda tu. Mkandarasi mmoja hatoshi, mama, labda akupe oda kila mwezi. Risiti zote, hata za boda aliyebeba mabati, tunza miaka 5.

MamaMisumari
Boda hana risiti, mzee.

KaraniMstaafu
Mwandikie vocha: tarehe, kazi, kiasi, namba ya simu, atie saini.