Presha ya macho imenibana ila bado nataka kusafisha picha dakrumu (chumba cha giza), nifanyeje?

FundiTanga: Wakuu habarini. Nimekaa studio miaka mingi hapa Tanga, sasa nimestaafu ila enlaja yangu (mashine ya kukuzia picha) bado ninayo pamoja na sanduku la negetivu za harusi na maulidi za watu wa mtaani, na wenyewe wanakuja kuziulizia. Tatizo macho. Nina presha ya macho, la kushoto limebaki katikati tu pembeni kiza, la kulia ndo ukungu mtupu. Nikibaki na ile taa nyekundu sioni trei wala saa, karatasi ikiwa kwenye dawa sijui imeiva au bado, na kufokasi ndo balaa kabisa. Karatasi siku hizi bei si mchezo, siwezi kuharibu haribu. Kuna anayeprinti kwa macho ya hivi?

chizi_wa_kamera: Skani tu mzee, dunia imehama huko

FundiTanga: Kuskani kijana wangu anaskani. Sikuuliza hilo.

Mwanaidi_Studio: Shikamoo mzee wangu. Taa nyekundu toa. Karatasi za picha za Multigrade, za kampuni ya Ilford, zinashika mwanga wa bluu na kijani, kwa hiyo taa ya kahawia isiyokolea, ile wenyewe Ilford wanaiita 902, ni salama kwake na jicho linaiona vizuri zaidi kuliko nyekundu. Balbu ya wati 15, ikae mita 1.2 au zaidi kutoka kwenye karatasi. Kabla hujaiamini ijaribu na sarafu: karatasi ipige mwanga kidogo wa enlaja itoke kijivu hafifu, weka sarafu juu, iache chini ya hiyo taa dakika 5 afu isafishe. Ukiona duara la sarafu taa inavuja. Watu wengi wanajaribu na karatasi ambayo haijapigwa mwanga kabisa, inatoka nyeupe wanafurahi, kumbe inawadanganya.
Halafu kuchungulia picha kwenye dawa achana nako. Karatasi za plastiki, dawa ya digrii 20, dakika 1 kamili hata kama unahisi imeshaiva. Tafuta saa inayolia. Kwa nini ujitese kuangalia gizani wakati kipande cha majaribio kikishatoka kwenye haipo (dawa ya mwisho ya kugandisha picha) na kusuuzwa unakitoa nje juani na lenzi mkononi? Ila kumbuka picha ikikauka inakoza kidogo.

Bw. Lenzi: Kufokasi nako mzee huhitaji giza la mateso. Karatasi zikiwa zimefungwa kwenye boksi, ukiona jicho halitoshi kwenye darubini ya kufokasia weka simu juu yake, kamera ya simu ikuze chembe za filamu uzione kwenye kioo. Lenzi wazi kabisa kwanza, afu zungusha pete ya lenzi kuibana tundu, ukihesabu mibofyo mpaka f/8 au f/11, vidole vinatosha hapo. Mimi ningechagua saizi moja ya picha, nikate kipande cha mbao cha urefu wa kichwa cha enlaja kutoka chini, kila siku narudi palepale. Angalia tu negetivu isivimbe kwa joto la balbu, acha taa iwake kidogo kwanza ndo ufokasi.

nesi_wa_macho: Mzee kama katika matone yako kuna pilokapini, ile inabana mboni, gizani utaona kidogo zaidi. Mwambie daktari wako, ila USIACHE dawa kwa sababu ya picha tafadhali. Na ukishazima taa kaa kwanza jicho lizoee, macho ya presha yanachelewa.

Mwanaidi_Studio: Nimesahau, chupa za dawa zivishe mipira ya raba, dawa ya kwanza (ya kuivisha picha) mmoja, ya pili (ya kusimamisha) miwili, haipo mitatu, na kila trei koleo lake. Tone la haipo likiingia kwenye dawa ya kwanza umeumia. Karatasi kwenye boksi zote ziangalie chini, na kona moja ikate ujue upande kwa kidole.

FundiTanga: Marahaba mwanangu, ahsanteni wote. Kona ya kukata sikuwahi kuifikiria. Hiyo taa ya kahawia nitaagiza Dar. Sasa joto la huku, maji ya bomba yenyewe ni kama digrii 29, dakika 1 itafaa kweli?

Bw. Lenzi: Hapana, dawa itakimbia. Trei iweke ndani ya beseni la maji na chupa za maji zilizogandishwa pembeni, kijana asome kipimajoto kabla hamjazima taa, ikifika 20 mnaondoa chupa.

chizi_wa_kamera: Mzee ukishaprinti ya kwanza tupia humu tuione 😅