Cheti cha polisi kimeisha muda kikiwa ndani ya bahasha, na mwajiri bado ananiuliza "umefikia wapi?"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nina ofa ya kazi nje ya nchi. Mkataba nimesaini, mshahara umeandikwa, tarehe ya kuripoti imeandikwa. Huu ni mwezi wa tano nahangaikia karatasi. Kazi ya zamani nilishaacha, kazi mpya sijaianza, na leo asubuhi cheti cha polisi, kile cha kuonyesha huna rekodi ya uhalifu, kimetimiza miezi 3 kikiwa kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati langu. Aliyekiagiza hajawahi hata kukiona.

Cheti hicho nilikishughulikia kabla ya vyote kwa sababu wakala wa ajira aliniambia, "Anza na polisi, ndiko kunakochelewa." Nikaenda. Nikapigwa alama za vidole kumi vyote, nikasubiri, kikatoka. Asichoniambia ni kwamba ubalozi unataka kiwe hakijazidi miezi 3 siku unapokabidhi maombi. Kumbe muda wote nilipokuwa nazungushwa na vyeti vya shule, siku zake zilikuwa zinaisha. Vyeti vya shule vikakamilika, nikaambiwa nafasi ya kupima afya ni hadi wiki tatu mbele. Nilipotoka hospitali na majibu mkononi, cheti cha polisi kimebakiza siku nne na miadi ya ubalozi ya karibu ni ya mwezi ujao.

Kila karatasi ina umri wake, na hakuna anayekuambia. Majibu ya mtihani wa lugha kama TOEFL yanadumu miaka 2. Vipimo vya afya vina muda wake, kwa mfano ukienda Kanada ni miezi 12. Pasipoti yenyewe, hata kama haijaisha, nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi 6 mbele. Cheti cha kuzaliwa na vya shule haviozi. Kwa hiyo mtu mwenye akili na nia njema angeniambia siku ya kwanza: anza na visivyooza, mihuri yake yote imalizike, kagua pasipoti, fanya mtihani wa lugha, halafu polisi na hospitali viwe vya mwisho kabisa, ukiwa umeshapata tarehe ya miadi. Ni sentensi moja tu. Wakala anayefanya kazi hii kila siku hakuniambia. Idara ya utumishi ya mwajiri, iliyoshaajiri wageni kabla yangu, hawakuniambia. Walinitumia orodha ya vitu kumi na saba bila mpangilio, chini wameandika "haraka iwezekanavyo".

Sasa mihuri. Hapa ndipo nilipomaliza uvumilivu wangu.

Kuna mkataba wa kimataifa wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, ule wa apostili, yaani cheti cha kuthibitisha hati ili ikubalike nchi nyingine. Nchi zaidi ya 120 zimo. Kama nchi iliyotoa cheti na nchi unakokwenda zote zimo, unabandikiwa cheti kimoja tu cha apostili, umemaliza. Kama mojawapo haimo, jiandae kwa msururu: mwanasheria anathibitisha nakala, wizara inayohusika na elimu inathibitisha, wizara ya mambo ya nje inathibitisha, kisha ubalozi wa unakokwenda unathibitisha. Mimi niliangukia kwenye msururu. Nikadhani basi angalau watu hawa wanakagua kama kweli nilisoma. Hapana! Nilisimama dirishani nikamtazama yule mama akifanya kazi yake. Alifungua daftari kubwa la sahihi, akaweka kidole kwenye sahihi ya ofisa wa ofisi ya kabla yake, akalinganisha na ile ya nyuma ya cheti changu, akagonga. Upande wa mbele, wenye jina langu, chuo na alama zangu, hakuugeuza hata mara moja. Na wala hakukosea, kwa sababu ndivyo ulivyo utaratibu: muhuri unathibitisha sahihi na cheo cha aliyetangulia, basi. Hata apostili ni hivyo hivyo, haisemi lolote juu ya yaliyoandikwa ndani. Nimelipia mihuri minne, nimepoteza wiki sita, na katika watu wote wanne hakuna aliyesoma cheti changu.

Wa tano alikisoma. Mtafsiri aliyeidhinishwa ndiye aliyenipigia simu jioni: "Ndugu, jina lako la mwisho kwenye cheti cha kuzaliwa lina 's' moja, kwenye pasipoti zipo mbili. Nitafsiri lipi?"

Niliketi chini. Karani mmoja, miaka mingi iliyopita, aliandika kwa haraka, na mimi nimeishi na herufi hiyo moja bila kujua ni tatizo. Shuleni haikunisumbua, kazini haikunisumbua. Ila pasipoti zina ile mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine, kila mstari herufi na alama 44, na jina hukatwa na kupangwa kufuata kanuni moja dunia nzima. Mashine haijui kwamba ni mtu yule yule. Nikaenda kwa kamishna wa viapo, nikaapa kwamba majina yote mawili ni yangu. Hati ya kiapo nayo ikatakiwa ithibitishwe wizarani. Kisha ubalozini. Msururu upya kwa ajili ya 's'.

Wenzangu mnaojiandaa, kabla hujalipia kitu chochote, tandaza karatasi zako zote mezani na usome jina lako herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa pia. Fanyeni leo hii.

Kuhusu chanjo nitasema kwa kifupi. Wakala alinikazania kuwa kadi yangu ya homa ya manjano imekufa kwa sababu nilichanjwa miaka 11 iliyopita, na akanielekeza kwenye kliniki "anayoijua". Nikachoma tena. Baadaye ndipo nikasoma kwamba tangu tarehe 11 Julai 2016, chini ya kanuni za afya za kimataifa, cheti hicho ni cha maisha yote, na kinahusu hata waliochanjwa kabla ya tarehe hiyo. Muda ambao bado unahesabiwa ni siku 10: ukichanjwa mara ya kwanza, cheti kinaanza kufanya kazi baada ya siku 10, kwa hiyo usichome jana ukasafiri leo. Nilichomwa sindano nisiyoihitaji na nikailipia.

Huyu wakala sasa. Siku ya pili tu aliomba pasipoti yangu halisi "akae nayo kwa usalama". Akavuta droo ya meza ili aiweke. Nilichokiona humo kimekaa kichwani mpaka leo: pasipoti zimepangwa mafungu mafungu, zimefungwa kwa mpira wa bendi, na kwenye moja kikaratasi kimeandikwa kwa kalamu nyekundu "salio". Yaani kuna watu humo pasipoti zao zimeshikiliwa mpaka wamalize kulipa! Nikairudisha yangu mfukoni. Akakasirika, akaniambia kuwa wenye haraka wanaelewa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1990 wa kuwalinda wafanyakazi wahamiaji unasema wazi kuwa ni kosa mtu yeyote kuchukua hati za utambulisho za mfanyakazi, isipokuwa ofisa wa serikali aliyeruhusiwa na sheria. Shirika la Kazi Duniani linahesabu kushikiliwa kwa hati kuwa dalili mojawapo ya kazi ya kulazimishwa. Nakala mpe, hata kumi. Ubalozi ukiihitaji halisi, ipeleke mwenyewe na udai risiti.

Na hela aliyonitoza? Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala binafsi wa ajira hatakiwi kumtoza mfanyakazi ada, moja kwa moja wala kwa mlango wa nyuma, isipokuwa pale serikali inaporuhusu kwa makundi maalumu. Mwaka 2019 shirika hilo likafafanua gharama za kuajiriwa ni zipi, likataja vipimo vya afya, mitihani ya ujuzi na lugha, safari, na gharama za nyaraka na viza. Hizo hazitakiwi kumwangukia mfanyakazi. Najua nchi nyingi hazijauridhia mkataba ule wa 1997, ndiyo maana hawa watu wanatamba. Lakini mwajiri mwenye ofisi kubwa na tovuti inayong'aa anajua. Nilipowaandikia kuuliza nani analipa, walijibu mstari mmoja: gharama za maandalizi ni za mwombaji. Mimi si mwombaji tena, nimeshasaini mkataba wenu!

Kinachoniuma kuliko vyote ni kazi niliyoiacha. Wakala alisema, "Peleka notisi sasa, viza ni uhakika, wasije wakakusubiri." Nikapeleka. Bosi wangu aliniuliza mara mbili kama nina viza mkononi, nikamwambia inakuja. Nyumba nimeshatoa taarifa kwa mwenye nyumba. Vitu vya ndani nimeuza, nalala kwenye godoro sakafuni na sanduku limesimama ukutani, limepimwa kilo 23 kamili, limekuwa hapo tangu mwezi wa pili. Akiba niliyopanga inisogeze hadi mshahara wa kwanza ugenini inaishia kwenye mihuri. Kama hujaona viza imegongwa kwenye pasipoti yako kwa macho yako, usiache kazi, hata wakuambie nini.

Na kila Jumatatu barua pepe ile ile kutoka kwa mwajiri: "Umefikia wapi?" Wiki hii wameongeza kuwa nisiporipoti ndani ya siku 45 nafasi itatangazwa upya. Wao ndio wanaodai karatasi zote hizo, na wao ndio wanaohesabu siku.

Nimeshaamua mambo mawili. Wakala nimemwachisha, nimemwandikia kwamba kama ananidai alete madai yake kwa maandishi pamoja na risiti, na malalamiko yangu nimeyapeleka ofisi ya kazi pamoja na nakala za kila nilicholipa. Kwa mwajiri nimeomba barua rasmi ya kusogeza tarehe ya kuripoti, na nimewaambatanishia uthibitisho wa miadi ya ubalozi waone wenyewe kwamba kinachonichelewesha si uzembe.

Naomba msaada kwa waliopitia: kuna aliyewahi kukubaliwa ubalozini kwa kupeleka cheti cha polisi kilichoisha pamoja na risiti ya maombi mapya? Au wanarudisha faili lote? Kesho saa kumi na mbili asubuhi nakuwa kwenye foleni ya alama za vidole tena, mwenye jibu anijibu kabla sijalipia.