Naombeni ushauri: kuna mtu ananunua kobe wa mawe kijijini kwetu

Wakuu habari zenu. Niko kijijini upande wa Tarangire, kuna jamaa anakuja na pikipiki anawapa watoto elfu tano kwa kila kobe, sio wale wakubwa wa porini, ni hawa bapa wanaojibana kwenye nyufa za mawe. Watoto wanachokonoa na nondo, wakishindwa wanabomoa jiwe lenyewe. Juzi nimekuta ndoo nyuma ya nyumba ya shemeji yangu, ndani kobe wamepangwa wima kama sahani wamefunikwa gunia, mmoja gamba limepata ufa. Nikisema nagombana na ndugu, nikinyamaza kobe wanaisha. Nifanyeje jamani?

Mzee wa Babati: Pole ndugu. Toa taarifa TAWA, ile mamlaka ya wanyamapori, au kwa askari wanyamapori wa kijiji, usimvae huyo jamaa mwenyewe. Shika namba ya pikipiki na siku anazopita. Na uwaeleze kabisa watoto wametumiwa tu, elfu tano ni hela ya daftari na sabuni, anayetajirika yuko mbali.

Mama Nuru: Mi nakazia hapo kwenye jiwe. Huyu kobe gamba lake laini, akishtuka anakimbilia kwenye ufa anajibana mpaka humtoi kwa mkono, ndo maana wanakuja na nondo. Ufa ukishavunjwa basi, hata mkimrudisha hana pa kukaa. Halafu anataga yai moja tu kwa mara, sasa mtu akibeba ndoo nzima asitegemee mwakani atawakuta tena.

Kijana wa Moro: Ila si kuna wenye vibali? Zamani walikuwa wanauzwa nje kihalali kabisa.

Mzee wa Babati: Zamani ndiyo. 2016 serikali ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje, na 2019 CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, wakampandisha huyu kobe daraja la kwanza la ulinzi, kumtoa porini ukamuuze nje ya nchi hairuhusiwi. Akitoa karatasi, wapigieni wanyamapori waithibitishe.

Mama Nuru: Na hao wa kwenye ndoo msiwamwage popote, waulizeni watoto kila mmoja katoka jiwe lipi kabla hawajasahau, askari wakija wawe na pa kuanzia. Picha za hayo mawe usiposti humu tafadhali, wanunuzi nao wanasoma.

Mleta mada: Asanteni sana, namba ya pikipiki ninayo. Nataka niongee na shemeji kwanza, akiwakabidhi mwenyewe nadhani itakuwa nafuu kwake.

Mzee wa Babati: Ongea nae, ila siku ya askari usimtajie. Simu moja tu na jamaa hamumuoni tena, anahamia kijiji cha pili.