Mzee wa Kiholanzi Kiingereza kimemfutika, watoto wake hawajui lugha yake: wazazi walikosea?

MwanaPangani
Wakuu habari za majukumu. Nipo Ontario kusini huku Kanada, kazi yangu kuangalia wazee. Kuna babu mmoja Mdachi, alishuka bandari ya Halifax 1952 akiwa na miaka 12 na wazazi na ndugu saba, baba yao kapokelewa na mkulima mmoja aliyewadhamini, wakaanza kupalilia viazisukari, yale mabitiruti ya kutengenezea sukari, na wakalala kwenye kibanda kilichokuwa cha kuku. Baba akapiga marufuku Kiholanzi mezani ili watoto wasichekwe shule, na yeye mwenyewe Kiingereza chake cha kuombea maji. Sasa mzee kapata ugonjwa wa kusahau, Kiingereza chote kimefutika kimebaki kile cha mama yake. Binti yake anakuja Jumapili anakaa anatabasamu tu. Juzi mzee anasema "koud, koud", binti akamletea maji, mi nikaangalia kwenye simu kumbe anasema baridi.

Wale wazazi walikosea? Nauliza maana nina mtoto wa miaka minne na wife anataka Kiswahili tukiache mlangoni, eti ndo kinamchelewesha kuongea.

Bwana Mkwaju
Mdachi ni Mjerumani. Babu yangu Songea katuhadithia viboko vya Mdachi mpaka tukavisikia mgongoni. Huyo wako ni Mholanzi. Tuanzie hapo.

MwanaPangani
Sawa mkuu, huku wanawaita Dachi ndo nikachanganya. Turudi kwenye swali.

Kisiki
Hajapotea sana. Neno ni lile lile, Mjerumani anajiita Deutsch, Mwingereza akalibandika kwa jirani. Hata Marekani kuna wanaoitwa Pennsylvania Dutch na asili yao Ujerumani.

Bwana Mkwaju
Sijaongelea Pennsylvania, nimeongelea Songea.

Dada Makorora
Nyie na Mdachi wenu. Wazazi walikosea nini? Watu wametoka kwenye ile njaa ya majira ya baridi 1944 kuingia 1945, wamekula mpaka vitunguu vya maua ya tulipu, halafu uje uwaulize habari ya lugha! Mtoto alishe kwanza. Na wewe mleta mada usijilize na Kiswahili, umeikimbia nchi mwenyewe ukabebe boksi.

MwanaPangani
Nimekimbia? Dada yangu hao unaowaonea huruma waziri mkuu wao Drees mwaka 1950 kawaambia hadharani sehemu ya wananchi wathubutu kutafuta maisha kwenye nchi kubwa kuliko yao, serikali ikasaidia nauli, makanisa yakawatafutia wakulima wa kuwapokea, watu wakasindikizwa bandarini Rotterdam na hakuna aliyewaita wakimbizi wala wabeba boksi. Na kama ni boksi basi wao ndo walibeba la kweli, pesa za kutoka nazo zilikuwa na kiwango kwa hiyo kila walichokuwa nacho kiliingia kwenye sanduku kubwa la mbao, jiko, vitanda, baiskeli, kabati la bibi. Chumbani kwa mzee kuna ubao mmoja wa lile sanduku, umeandikwa HALIFAX kwa rangi nyeusi, ule X umekatwa na msumeno maana mbao zingine waliziba ukuta wa kile kibanda. Mimi nimekuja na begi la kilo 23. Nani kabeba boksi hapo?

Dada Makorora
Umechomeka 😂

Juma Tz
Si waliondoka kwa sababu ya mafuriko? Bahari iliwamaliza watu 1,800 na kitu kule.

Kisiki
Mafuriko ni Februari 1953, mzee wa watu kaondoka 1952. Meli ya Waterman ilishapeleka wakulima Kanada tangu 1947. Shida ilikuwa ardhi na nyumba, baba ana shamba la kuenea kiganjani na watoto wa kiume watano, atamgawia nani?

Kip wa Sisibo
Niaje. Hawa si ndio walikuja hapa Eldoret 1908 na mikokoteni ya ng'ombe?

Juma Tz
Hao Makaburu wa Afrika Kusini bwana.

Kip wa Sisibo
Na mababu za Makaburu walitoka wapi, mbinguni?

Juma Tz
Kwa hesabu hiyo hata wewe ni Msudani.

Kip wa Sisibo
Usiniingilie kwa kabila boss. Nimeuliza swali la historia.

Mpemba wa Perth
Mnapiga kelele jambo lenyewe mmelipita. Australia ilisaini mkataba na Uholanzi 1951 kwa sababu ilitaka weupe. Mholanzi mwenye mama wa Kiindonesia, pasipoti ile ile, wengi walikataliwa kwa kuangaliwa sura. Waliopita, wengi walianzia kambi ya Bonegilla, vibanda vya bati na nyama ya kondoo asubuhi mchana jioni mpaka watoto wanalia, kisha miaka miwili kazi unayopangiwa. Kwa hiyo usijilinganishe nao, hao walialikwa.

Juma Tz
Kondoo mara tatu kwa siku ndo mateso? Hiyo kambi bado ipo?

Dada Makorora
Ilifungwa 1971, umechelewa.

Bi Shuwea, Muscat
Mwanangu wa Pangani, mie nilitoka Unguja mdogo baada ya mapinduzi. Tulipofika huku Kiarabu chetu kilichekwa sana, hata sokoni. Nyumbani tukasema Kiswahili, na wajukuu zangu wanasema mpaka leo, na Kiarabu wamekijua. Huyo mkeo mwambie mtoto hachelewi, anapanga maneno.

Kisiki
Bi mkubwa, shikamoo. Ila nyie mlikuwa mtaa mzima, ukitoka nje jirani naye Mswahili. Wale walitawanywa shamba hili na lile, kukutana ni Jumapili kanisani.

Bi Shuwea, Muscat
Marahaba. Mezani kwao si walikuwa tisa na zaidi? Huo si mtaa?

Kip wa Sisibo
Bado sijajibiwa.

MwanaPangani
Naingia zamu wakuu. Nimejifunza neno moja, "deken", blanketi. Jana usiku nimemwambia mzee nikimfunika, kacheka kwanza halafu akaanza kuniongelesha mfululizo kama nimeelewa, dakika ishirini hivi, nikawa naitikia tu.

Bwana Mkwaju
Mjerumani anasema "Decke". Mimi nasimama pale pale, Mdachi ni Mjerumani.