Wakili anayejua kwamba mteja wake ameua: je, mwandishi wa riwaya amenichezea?

Mpenda Riwaya:
Ndugu wanajukwaa, nimemaliza kusoma riwaya ya kesi ya mauaji ambayo msimulizi wake ni wakili wa utetezi mwenyewe. Katikati ya kitabu mteja anamnong'oneza kwamba ni kweli aliua, lakini wakili hajitoi. Anaendelea kuwadodosa mashahidi hadi mshtakiwa anaachiwa huru, na sisi wasomaji tunafichwa mnong'ono huo mpaka sura ya mwisho. Je, jambo hilo linawezekana mahakamani? Na je, ni haki kwa msimulizi anayesema "mimi" kutuficha jambo analolijua?

Wakili Mstaafu:
Limewahi kutokea. Juni 1840, katika mahakama ya Old Bailey jijini London, mtumishi Mswisi aitwaye François Benjamin Courvoisier alishtakiwa kwa kumuua bwana wake, Lord William Russell. Kesi ikiwa inaendelea, akajitokeza shahidi mpya aliyekuwa ameachiwa na mshtakiwa vyombo vya fedha vilivyoibwa katika nyumba ya marehemu. Hapo Courvoisier akakiri kwa wakili wake, Charles Phillips, kwamba ndiye aliyeua, ila akataka aendelee kutetewa. Phillips, ambaye mwanzoni alifikiria kujitoa, alikwenda kumwomba ushauri Jaji Parke, naye akamwambia kwamba maadamu mteja bado anamtaka, anawajibika kuendelea na kutumia kila hoja ya haki inayotokana na ushahidi. Courvoisier alitiwa hatiani na kunyongwa Julai mwaka huohuo. Phillips naye hakusalimika: alilaumiwa kwa miaka mingi kwamba aliwapaka matope polisi na watumishi wenzake wa mshtakiwa.

Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka ya msingi, na mteja kukiri faraghani hakuwapunguzii mzigo huo. Wakili anaweza kuupima ushahidi wao kadiri awezavyo. Asichoruhusiwa ni kumpandisha mteja kizimbani ili aape uongo, au kumtwisha mtu mwingine kosa ambalo anajua hakulitenda.

Bundi wa Maktaba:
Nalishika swali la pili. Kwangu mimi, msimulizi ana ruhusa ya kunyamaza lakini hana ruhusa ya kusema uongo, na akinyamaza lazima ukimya wake uache nyayo. Maelezo ya Wakili yanatupa wayo mmoja mzuri sana: ikiwa baada ya kukiri mteja hawezi tena kuongozwa kutoa ushahidi wa uongo, basi mshtakiwa aliyekuwa akiandaliwa kupanda kizimbani atabaki ameketi ghafla, bila sababu kutajwa. Ndugu Mpenda Riwaya, hebu rudi ukaangalie.

Mpenda Riwaya:
Nimerudi kuangalia, na nimeona aibu kidogo. Sura nzima inahusu maandalizi ya mteja kujieleza mbele ya mahakama, kisha siku ya siku wakili anasema tu kwamba upande wa utetezi umefunga ushahidi wake. Niliposoma mara ya kwanza nilidhani ni uzembe wa mwandishi! Hata hivyo, kuna sehemu ambayo wakili, akiwa tayari anajua ukweli, anamuuliza jirani: "Je, si wewe uliyekuwa na ufunguo wa nyumba ile?" Hapo hajavuka mpaka?

Wakili Mstaafu:
Kama jirani kweli alikuwa na ufunguo, swali lenyewe ni halali, kwa kuwa linaonyesha tu kwamba wapelelezi hawakuchunguza kila uwezekano. Tazama hotuba yake ya majumuisho. Akisema pale kwamba jirani ndiye aliyeua, amevuka, na ndilo kosa ambalo Phillips alilaumiwa kulikaribia.

Mpenda Riwaya:
Katika majumuisho hamtaji jirani hata mara moja. Kitabu hiki naanza kukisoma upya leo usiku.